Magurudumu ya Baridi na Taa Isiyozimika

Mtu anayeishi Quebec hana hiari kuhusu matairi. Sheria ya jimbo inataka magari yaliyosajiliwa huko yavae matairi ya baridi kuanzia Desemba 1 hadi Machi 15. Zamani ilikuwa Desemba 15, mwaka 2019 tarehe ikarudishwa nyuma, kwani theluji haikuwa ikiwasubiri wenye magari. Ujerumani hawana tarehe, lakini barabara ikishaingia theluji au barafu lazima uwe na tairi lenye alama ya mlima wa vilele vitatu na chembe ya theluji ndani yake, na tangu Oktoba 2024 herufi za M+S peke yake hazitoshi tena. Sweden ni Desemba 1 hadi Machi 31 hali ya barabara ikiwa ya baridi. Minnesota na Maine, waliko Wakenya na Wakongo wengi, hakuna anayekulazimisha, ila ukiteleza mara moja kwenye makutano ya barabara utaelewa kwa nini majirani zako hubadilisha.

Wapo wanaobaki na rimu zilezile, na kila Novemba na kila Aprili fundi anavua tairi hili na kuvalisha lile. Kazi hiyo inakula pesa mara mbili kwa mwaka, tena inaliumiza tairi pale ukingoni linapovutwa kupita juu ya rimu. Ndiyo maana wengi, wakishakaa misimu miwili mitatu, hununua rimu nyingine nne, aghalabu za chuma zisizo na urembo, wakavalisha matairi ya baridi humo na kuyaacha humo mpaka yaishe. Tangu hapo kubadilisha ni suala la jeki, spana na saa moja ya jasho nje ya nyumba. Naiunga mkono njia hii bila kusita. Lakini ndiyo njia inayoleta taa.

Unawasha gari, na kwenye dashibodi inatokea taa ya manjano: umbo kama chungu kilichopasuliwa katikati, na alama ya mshangao ndani yake. Ikiwaka moja kwa moja, gari linasema tairi moja au zaidi limepungukiwa upepo. Ikipepesa kwanza kwa sekunde 60 hadi 90, kisha ikatulia na kubaki inawaka, gari linasema jambo jingine kabisa: mfumo wenyewe una hitilafu, na baada ya kubadilisha magurudumu maana yake karibu kila mara ni kwamba gari halizisikii sensa zake. Taa ni moja, jumbe ni mbili. Anayekaa akaitazama kwa dakika moja na nusu ya kwanza baada ya kuwasha gari tayari amejua nusu ya tatizo lake, na hajampa fundi hata senti.

Neno langu kubwa katika makala hii ni hili: suala la sensa huamuliwa siku unaponunua rimu za pili, kabla tairi halijavalishwa. Katika magari mengi sensa ni kijisanduku cha plastiki kilichofungwa kwenye shina la valvu, ndani kabisa ya tairi. Mkono hauifikii tairi likishavalishwa. Ukija kuitaka baadaye, matairi yote manne yatavuliwa, yatavalishwa upya na kufanyiwa balansi upya, na ufundi uliolipia mara ya kwanza utaulipia tena. Nayo mauzo ya Novemba hayampi mtu nafasi ya kufikiri. Foleni ni ndefu, karani anauliza harakaharaka kama unataka na sensa, unasikia bei, unasema hapana. Neno hilo moja ndilo litakalokuwashia taa kila msimu wa baridi kwa miaka mitano au sita ya uhai wa matairi hayo.

Najua jibu la wengi: taa si kitu, gari linatembea. Basi tukumbuke taa hii ilikotoka. Mwaka 2000 Firestone iliyaondoa sokoni matairi milioni 6.5, mengi yakiwa kwenye Ford Explorer, baada ya matairi kuchanika yakiwa kwenye mwendo wa kasi, magari kupinduka na watu zaidi ya 200 kufa. Upepo mdogo kwenye tairi lenye moto ulikuwa sehemu ya kisa. Mwaka uleule Bunge la Marekani likapitisha sheria iliyozaa sharti la mfumo wa kupima upepo, ule ambao kwenye vitabu vya magari huandikwa TPMS, na kufikia Septemba 2007 kila gari jipya dogo lililouzwa Marekani lilitakiwa kuwa nao. Umoja wa Ulaya ukafuata: aina mpya za magari tangu Novemba 2012, magari yote mapya ya abiria tangu Novemba 2014. Kanada haikuweka sharti hilo, kwa hiyo gari lilelile lenye sensa upande wa Marekani laweza kuuzwa Kanada bila sensa hata moja. Kabla hujatoa pesa, hakikisha kwanza lako linazo.

Hatari ya taa inayowaka miezi mitano mfululizo ni kwamba jicho huizoea. Mama mmoja wa Bukavu anayeishi Gatineau aliniomba nimtazamie gari lake mwezi Februari. "Kaka, hii taa iko inawaka tangu Desemba," akaniambia. "Kwenye gereji walisema ni kawaida, rimu hazina sensa, niizoee." Waliosema hivyo hawakudanganya kuhusu sensa. Lakini hawakumwambia kwamba kwa kuwa taa imeshawaka kwa sababu hiyo, haina tena namna ya kumwambia lolote jingine. Nilipima matairi moja baada ya jingine. Matatu yalikuwa na psi (kipimo cha upepo) 29 na 30. La nyuma kulia lilikuwa na 17, na kibao cha mlangoni mwa gari lake kinataka 33. Kwa macho lilionekana zima, kwa sababu matairi ya siku hizi yana kuta ngumu na theluji ilikuwa imelizunguka hadi nusu. Tulipolivua tukakuta msumari mwembamba, na kwa ndani mpira wa ubavuni ulikuwa umesagika ukawa unga mweusi uliojaa chini ya rimu. Tairi la namna hiyo halizibwi pancha, linatupwa. Na mama huyu kila asubuhi alikuwa anapita barabara kuu akiwa na watoto kiti cha nyuma.

Kwa hiyo ukichagua kwenda bila sensa, na wapo wenye sababu ya haki ya kufanya hivyo, geji ya mkononi iwe ndiyo taa yako. Kila wiki mbili, asubuhi kabla gari halijatembea, matairi yote manne. Geji nzuri haizidi bei ya chakula cha mchana. Asiyeweza kujiahidi hilo na kulitimiza, anunue sensa.

Sasa, kabla ya kununua chochote, jua gari lako ni la mfumo upi, kwa maana ipo mifumo miwili na mmoja hauhitaji sensa za tairi kabisa. Baadhi ya magari hayana kitu chochote ndani ya tairi. Yanatumia vipimo vya mwendo vya breki za ABS: tairi lililopungua upepo kipenyo chake hupungua kidogo, likazunguka haraka kuliko wenzake, kompyuta ikang'amua. Volkswagen Golf nyingi ziko hivi, Honda Civic na CR-V za kuanzia katikati ya miaka ya 2010 ziko hivi, na Mazda kadhaa pia. Mwenye gari la namna hii akiuziwa sensa nne ameibiwa mchana kweupe. Anachotakiwa kufanya ni kufunga magurudumu ya baridi, kujaza upepo sawasawa, kisha kubonyeza kitufe au kuingia kwenye menyu ya gari na kulifundisha upya. Mpangilio huo ni wa lazima: upepo kwanza, kitufe baadaye. Ukibonyeza matairi yakiwa na 26, gari litaamini 26 ndiyo sahihi na litakaa kimya mpaka hali iwe mbaya zaidi. Udhaifu mwingine wa mfumo huu ni kwamba matairi yote manne yakipungua pamoja na kwa kiasi kimoja, jambo ambalo baridi hulifanya vizuri sana, unaweza usigundue. Hata wenye mfumo huu wawe na geji.

Utajuaje? Kama dashibodi yako inaonyesha namba ya upepo wa kila tairi, una sensa ndani ya matairi, hakuna shaka. Kama haionyeshi namba, tazama valvu. Shina la chuma lenye nati nje ya rimu ni dalili kubwa ya sensa, ingawa shina la mpira nalo laweza kuificha. Ukiona menyu ina sehemu ya kuanzisha upya kipimo cha matairi na hakuna namba popote, yaelekea ni mfumo wa ABS. Kitabu cha gari kinamaliza ubishi.

Wenye sensa za ndani ndio wenye kazi. Kila sensa ina namba yake ya kipekee, tarakimu saba au nane zilizochanganyika na herufi, na gari hukubali sauti za namba zinazojulikana kwake tu, ili lisichanganywe na gari la jirani kwenye taa nyekundu. Ukifunga magurudumu mapya yenye sensa mpya, gari halina habari nazo hadi litambulishwe. Namna ya kulitambulisha hutofautiana mno kati ya mtengenezaji na mtengenezaji, na hapa ndipo pesa za watu hupotea.

Yapo magari yanayojifunza yenyewe. Unafunga magurudumu, unaacha gari lisimame kama dakika 20, kisha unaliendesha kwa mwendo wa kawaida dakika 10 hadi 20, na taa inazimika. Hyundai na Kia nyingi ziko hivyo, na magari mengi ya Kijerumani yenye sensa za ndani. Ukiwa na gari kama hilo, nunua sensa, funga, endesha, habari imekwisha.

General Motors wana utaratibu ambao mwenye gari anaweza kuufanya mwenyewe. Unaliweka gari katika hali ya kujifunza kwa menyu au kwa rimoti ya ufunguo, honi inalia mara mbili. Unaanza na gurudumu la mbele kushoto: unashika kifaa kidogo cha kuamshia sensa karibu na valvu, unabonyeza, honi inalia mara moja. Unahamia mbele kulia, nyuma kulia, unamalizia nyuma kushoto, na honi inalia mara mbili kuashiria limekubali. Ukikosea mpangilio, namba za matairi zitakaa mahali pasipo pake, na siku ya pancha utajaza upepo tairi zima. Kifaa hicho ni cha bei nafuu na kinamfaa kila mwenye magari hayo anayebadilisha mwenyewe. Ford nyingi zina utaratibu unaokaribiana na huo.

Toyota, gari ambalo wengi wetu tulilipenda tangu nyumbani na tukaendelea nalo ughaibuni, ndilo lenye usumbufu. Toyota nyingi za miaka ya nyuma hukumbuka namba zilizoandikwa kwenye kompyuta zao tu, na kuandika nyingine kunahitaji kifaa cha kuchomeka kwenye tundu lililo chini ya usukani. Maana yake kila Novemba na kila Aprili uende gereji, au ununue kifaa chako. Baadhi ya Toyota na Lexus, hata hivyo, zina kumbukumbu ya seti mbili: unaziandika zote mara moja, halafu kila msimu unachagua ya kwanza au ya pili kwa kitufe au kwa menyu. Kama lako ni hivyo na hujawahi kuambiwa, soma kitabu leo.

Kwa wasio na kumbukumbu mbili ipo njia ambayo naona ndiyo bora kwao: sensa za kunakili. Zipo sensa tupu ambazo fundi huziandika namba kwa kifaa chake kabla ya kuvalisha tairi. Badala ya kuzipa namba mpya, anaweza kusoma namba za sensa zako za kiangazi na kuziandika hizohizo kwenye za baridi. Gari halitajua kwamba umebadilisha chochote. Hakuna kusajili, hakuna gereji, taa haiwaki. Masharti ni mawili. Nakala ya sensa ya mbele kushoto ikae mbele kushoto kila msimu, la sivyo gari litakuelekeza tairi lisilo lake. Na usiisafirishe seti moja ndani ya gari lililovaa nyingine: sensa hulala gurudumu likisimama na huamka likitikiswa, na magurudumu manne yanayobingirika kwenye buti yakitangaza namba zilezile za yale yaliyo chini yatalichanganya gari lako vibaya.

Namba ndiyo mali. Siku ya kununua, kabla tairi halijavalishwa, omba upige picha za sensa zote nne zikiwa mezani, namba zisomeke, na uandike ipi imeingia gurudumu lipi. Fundi mwenye heshima hatakataa. Miaka mitatu baadaye, kompyuta ya gari ikisahau au ukibadilisha gari kwa jingine la aina ileile, picha hiyo itakuokolea saa nzima ya kulipia kifaa cha kusomea. Uliza pia masafa. Marekani na Kanada sensa nyingi hutumia 315 MHz, Ulaya ni 433 MHz, lakini Amerika Kaskazini nako zipo za 433, na mfano uleule wa gari waweza kubadilisha masafa kutoka mwaka mmoja hadi unaofuata. Sensa ya masafa mengine ni kipande cha plastiki tu ndani ya tairi. Tesla za miaka ya karibuni zimeacha masafa hayo zikaenda Bluetooth, kwa hiyo huko usinunue cha kubahatisha.

Wanaonunua seti iliyotumika kwa mtu, kupitia tovuti ya Kijiji au Facebook Marketplace, wana swali la ziada. Betri ya sensa imefunikwa ndani ya plastiki, haibadilishwi, na huishi miaka mitano hadi kumi. Muuzaji akisema kwa fahari kwamba seti ina sensa za mwaka 2016, jua ananadi betri zilizo ukingoni. Mwombe mkutane mahali penye gereji, fundi apitishe kifaa kwenye valvu zote nne kabla hujalipa. Kifaa kitaonyesha namba, upepo, na mara nyingi hali ya betri. Kikikaa kimya kwenye valvu hata moja, bei ishuke. Na wewe mwenyewe ukifika siku ya kuvalisha matairi mapya kwenye rimu ambazo sensa zake zimepita miaka saba, badilisha sensa papo hapo. Tairi limeshavuliwa; nafasi hiyo haitarudi hadi tairi lichakae tena.

Nirudi kwenye baridi yenyewe, kwani hata mwenye sensa nzima ataona taa, akadhani sensa ni mbovu. Upepo hupungua kadiri unavyopoa, takriban psi moja kwa kila nyuzi tano au sita za Selsiasi. Chukua gari lililojazwa 35 psi ndani ya gereji yenye joto la nyuzi 20. Litoe nje, lilale usiku kwenye nyuzi 20 chini ya sifuri. Asubuhi lina kama 28. Hakuna kilichovuja. Kwa sheria ya Marekani taa hutakiwa kuwaka upepo ukishuka kwa asilimia 25 chini ya kiwango cha kibao, yaani kwa gari la 35 ni kama 26. Umebakiwa na psi mbili tu, na tairi lolote zima hupoteza hizo kwa mwezi mmoja au miwili bila kosa la mtu. Ndiyo sababu wiki ya kwanza ya baridi kali foleni hujaa kwenye pampu za upepo.

Kutokana na hesabu hiyo yanatoka mambo mawili. Kwanza, ukijaza ndani penye joto huku nje ni nyuzi 10 chini ya sifuri, ongeza kama psi tano juu ya kibao, ili gari likitoka lishukie mahali pake. Kipimo sahihi ni cha gari lililokaa nje saa tatu na zaidi bila kutembea. Pili, taa ya asubuhi inayozimika baada ya robo saa ya kuendesha haijapona. Tairi limepata moto, upepo ukapanda kidogo juu ya mstari, taa ikazima. Tairi bado lina upungufu, na kesho itawaka tena. Jaza.

Na usiitegemee taa kama kipimo cha kila siku. Gari la 35 linaweza kutembea na 28 msimu mzima taa ikiwa imezima, likila mafuta zaidi, likila mabega ya tairi, na likichelewa kusimama kwenye barafu. Taa imewekwa kukuonya karibu na hatari. Kazi ya kuweka upepo sawa ni yako. Kiwango sahihi kipo kwenye kibao kilichobandikwa kwenye fremu ya mlango wa dereva. Namba kubwa iliyochorwa ubavuni mwa tairi ni kikomo cha tairi, wala si kiwango cha gari lako.

Valvu zenyewe zinastahili uangalizi ambao hazipati. Shina la sensa nyingi ni la aluminiamu, na miji ya baridi humwaga chumvi barabarani kwa miezi. Chumvi, maji na metali mbili tofauti zikikutana, aluminiamu huliwa. Weka kofia ya valvu ya chuma inayong'aa, na kufikia Machi itakuwa imeshikana na shina. Ukiizungusha kwa koleo, shina linakatika, upepo unatoka wote, na sensa imekwenda. Kofia iwe ya plastiki daima. Kile kiini cha ndani kinachozuia upepo kiwe kilichopakwa nikeli, kisiwe cha shaba tupu ya valvu za kawaida, kwani shaba ndani ya aluminiamu hugandamana. Na kila tairi linapovuliwa, fundi abadilishe vipande vidogo vya mpira, nati na kiini kwenye shina la sensa. Bei yake ni ndogo. Wanaoruka hatua hii hurudi baada ya wiki chache na tairi linalovuja polepole, wakaambiwa ni sensa, kumbe ni pete ya mpira iliyozeeka.

Dawa za makopo za kuziba pancha ziwe kimbilio la mwisho, maana nyingi huingia kwenye kitundu cha sensa zikakiziba. Ukilazimika kuitumia, mwambie fundi siku ya kuvua tairi ili aisafishe sensa mara moja.

Kuhusu sheria, Marekani gereji hairuhusiwi kukizima kwa makusudi kifaa cha usalama kinachofanya kazi. Ndiyo maana gereji nyingi huko hukataa kukufungia magurudumu yasiyo na sensa kwenye gari ambalo lilifika na sensa nzima. Usigombane nao. Uingereza, gari lililoanza kutumika tangu Januari 1, 2012, likifika kwenye ukaguzi wa MOT huku taa ikionyesha hitilafu ya mfumo, linaanguka, na Ujerumani nako wakaguzi huiangalia. Ukiwa na ukaguzi unaokaribia wakati wa baridi na magurudumu yako hayana sensa, panga tarehe upya au panga magurudumu.

Aprili inaleta kinyume chake. Upepo uliojazwa kwenye baridi kali utakuwa umepanda sana joto likirudi, na magurudumu ya kiangazi yaliyokaa stoo miezi mitano yatakuwa yamepungua. Yapime kabla ya kuyafunga. Sensa zake zimelala muda wote huo, usishangae taa ikikaa dakika kadhaa baada ya kuanza safari ya kwanza. Ikiwa ilipepesa ulipowasha gari, na baada ya nusu saa ya barabara kuu bado haijazima, ndipo useme kuna sensa iliyokufa au iliyokosa kusajiliwa. Unapovua yale ya baridi, andika kwa chaki ndani ya kila rimu mahali lilipotoka, osha chumvi yote, hasa kwenye valvu, na yalaze yakiwa yamepangwa juu kwa juu mahali pakavu. Piga brashi kutu iliyo kwenye uso wa ekseli panapokaa rimu, kaza nati kwa mpangilio wa nyota hadi kipimo cha kitabu, na baada ya kilomita 100 hivi zirudie kuzikaza. Kazi hii ya nati inashinda kila nililosema juu ya sensa, kwa sababu hakuna taa ya kukuambia nati imelegea.

Wanaopeleka magari nyumbani, Mombasa au Dar es Salaam, wayapeleke na magurudumu ya kiangazi yenye sensa zake asilia. Matairi ya baridi yana mpira laini unaokwisha haraka kwenye lami ya joto, na mtu atakayelipokea gari hilo atakuwa na kazi ya ziada kupata sensa ya masafa na namba sahihi. Mtumie na zile picha za namba. Kama sensa zina zaidi ya miaka minane, mwambie kabisa kwamba taa itawaka siku moja, na kwamba ikipepesa kwanza ni betri ya sensa, ikiwaka bila kupepesa asimame apime upepo.